Barua kwa mpwa wangu wa kisiwa cha Run, Indonesia

Wete, Pemba

Mpwa wangu mpenzi,

Bibi yako ni mzima na kila akimaliza sala anakuombea dua. Mfikishie salamu mama yako, umwambie dada yangu kwamba mzigo aliotuma umefika salama.

Ama baada ya salamu, nimeisoma barua yako kwa makini. Unasema wenzako mliomaliza nao shule Banda Neira wameshakwenda Ambon, wengine wamefika mpaka Jakarta, nawe baba yako anataka ubaki umsaidie shambani. Unataka rai yangu. Nitakupa bila kuzunguka, maana mjomba akinyamaza, mpwa hufunzwa na walimwengu.

Kwanza, usikubali mtu yeyote akwambie kwamba Run ni kisiwa masikini. Urefu wake ni kama kilomita tatu, upana haufiki hata kilomita moja, lakini Waingereza na Waholanzi walikigombania kwa miaka mingi. Katika Mkataba wa Breda wa mwaka 1667 Waingereza waliwaachia Waholanzi kisiwa cha Run, na Waholanzi wakawaachia kisiwa cha Manhattan. Sababu ilikuwa kungumanga na basibasi, ambazo zama hizo dunia nzima ilizipata kutoka visiwa vyenu vya Banda tu.

Unajua pia utajiri huo uliwafanyia nini wenyewe. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa kampuni ya biashara ya Kiholanzi, na jeshi la kampuni hiyo waliivamia Banda. Inakadiriwa kwamba katika watu 15,000 walibaki kama 1,000. Wengine waliuawa, wakafa njaa, wakatiwa utumwani au wakakimbia. Waliofika visiwa vya Kei walijenga vijiji vya Banda Eli na Banda Elat, na mpaka leo lugha ya Banda inasikika huko. Mashamba yakagawiwa walowezi wa Kiholanzi na kulimwa na watumwa. Tangu hapo udongo ulikuwa wa Banda na jasho lilikuwa la walioulima, lakini meli, mizani na bei vilikuwa mikononi mwa wengine. Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika barua yangu yote: umbali haujawahi kuinyima Run riziki. Walioutaka utajiri wake waliufuata kutoka upande wa pili wa dunia. Kilichowakosesha watu wenu ni kutokuwa na kauli juu ya bei ya mali yao.

Msimu ule nilipokuja kuwatembelea nililiona jambo hili kwa macho yangu. Shemeji aliingia chini ya miti mirefu ya kenari inayoipa mikungumanga kivuli, ameshika mwanzi wake mrefu wenye kikapu kidogo nchani, akichagua yale matunda yaliyokwisha pasuka yenyewe. Mama yako alikaa barazani, akiubandua ule utando mwekundu wa basibasi taratibu usikatike, na kuuanika juani. Kokwa zenyewe zikapelekwa uchagani. Mama yako akanifundisha kwamba kungumanga iliyokauka sawasawa hulia ndani ya gamba lake ukiitikisa. Akatikisa moja karibu na sikio langu, haikulia. Akatikisa nyingine, nayo kimya. Lakini nyumbani mchele ulikuwa umekwisha, na siku ile ile mchuuzi alifika na mizani yake, akasema mali ni mbichi, akakata bei. Zikauzwa vivyo hivyo.

Hasara haikuishia pale. Kungumanga ikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka ukaguzi mkali kwa kungumanga ya Indonesia kwa sababu hiyo hiyo, na shehena ikikataliwa bandarini Ulaya, bei inamshukia mkulima aliye chini kabisa. Kwa hiyo kijana wa Run anayejua kukausha, kupima unyevu na kuhifadhi anaweza kuongeza thamani ya shamba la baba yake bila kupanda hata mti mmoja.

Baharini hali ni ile ile. Jodari mnao, na wavuvi wenu wa mshipi ni hodari. Ila samaki bila barafu hana subira, na mvuvi asiye na barafu hupokea bei yoyote anayopewa. Meli kubwa hutia nanga Neira, nanyi mnavuka kwa mashua. Bahari ikichafuka, kijiji kinakaa na samaki wake na wagonjwa wake. Maji ya kunywa ni ya mvua, na nilipokuwa huko taa ziliwaka jioni tu kwa jenereta. Sikufichi taabu hizi, maana kijana anayeambiwa abaki lazima aambiwe ukweli wote.

Sisi wa Pemba tunayasema haya kwa uchungu wetu wenyewe. Karafuu zetu asili yake ni Maluku, zikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Mascarene. Baadaye viwanda vya kretek, yaani sigara za karafuu, huko kwenu vikawa wanunuzi wakubwa wa karafuu zetu. Indonesia ilipopanda za kwake kwa wingi, soko letu likaanguka, na watu wa huku wakaiona dhiki. Hata wakulima wa karafuu wa kwenu hawakusalimika: katika miaka ya 1990 ununuzi wote uliwekwa mkononi mwa kampuni ya mtoto wa Rais Suharto, mkulima akalipwa kidogo mno, wengine wakaitelekeza au kuikata mikarafuu yao. Viungo vina bei nzuri siku zote kwa mtu fulani. Kazi ni kumfanya mtu huyo awe mkulima.

Njia ipo, tena mwalimu wake aliishi kwenu. Mohammad Hatta, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Indonesia, alihamishiwa Neira kwa nguvu na Waholanzi mwaka 1936, akakaa mpaka 1942 akisomesha watoto wa hapo. Ndiye anayeitwa baba wa ushirika wa Indonesia. Leo mnayo pia sheria ya vijiji ya mwaka 2014, inayopeleka fedha za serikali kila mwaka vijijini ili mkutano wa kijiji uamue matumizi. Fedha hizo zaweza kujenga uchaga wa pamoja, birika la maji au chombo cha kuhifadhi barafu. Lakini wanahitajika watu wanaojua kusoma bajeti na kuuliza maswali. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi rai yangu ni hii. Nenda Ambon, tena uende na radhi ya baba yako. Chuo Kikuu cha Pattimura kinafundisha kilimo na uvuvi. Chagua elimu inayogusa kungumanga, barafu au hesabu. Usichague kozi kwa sababu rafiki zako wameichagua. Ukiwa huko, jua nani ananunua, kwa bei gani, na anamuuzia nani. Wahimize na dada zako wasome, kwani kazi ya basibasi iko mikononi mwa wanawake na ushirika bila wao hautasimama.

Kabla hujaondoka, chagua miche shambani pamoja na baba yako na uipande. Mkungumanga huchukua kama miaka saba kuanza kuzaa, kisha huzaa miongo mingi. Ukisoma, ukafanya kazi kidogo na ukarudi, utaikuta inakaribia kuzaa. Na baba yako ataamini zaidi ahadi yako akiiona imepandwa.

Ukirudi, usirudi peke yako. Rudi na wenzako wawili watatu, mnunue mizani yenu, mfungue daftari lenu, msiuze kokwa isiyolia.

Msomee baba yako barua hii, kisha nijibu upesi.

Wako akupendaye,
Mjomba