Pondo, Goti na Kitufe

Darubini ya kwanza niliyoishika kwa muda wa kutosha kuipenda ilitoka Ujerumani Mashariki. Ilikuwa Jenoptem ya 8x30, nyeusi, iliyochubuka pembeni, na ukanda wake wa ngozi ulikuwa umekakamaa kwa chumvi. Mwenyewe alikuwa mjomba wangu, aliyepewa na mgeni mmoja baada ya kumzungusha kwa mashua siku nzima katika hori ya Mida, upande wa Watamu. Mjomba alikuwa mvuvi. Ndege aliwajua tangu utotoni kwa milio yao, kwa mruko wao, kwa namna wanavyoyafuata maji yanapokupwa. Lakini darubini ilipoingia nyumbani, maswali yake yalibadilika. Hakutosheka tena kusema wale pale ni vitwitwi. Alitaka kujua ni vitwitwi gani.

Hilo si swali dogo Mida. Kuanzia Agosti hadi Aprili, matope yanapofunuka wakati wa bamvua, hori hujaa wageni waliotoka Siberia na Asia ya Kati. Wapo wa aina mbili wenye mgongo wa rangi ya mchanga na tumbo jeupe, ambao wanatofautiana kwa unene wa mdomo na urefu wa miguu tu, na hukaa kundi moja. Wapo wenye mdomo uliopinda chini kidogo, na wengine wenye mdomo uliopinda juu kidogo. Juu ya wote kuna wala-kaa, weupe na weusi, wenye miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, ambao huzaliana kwenye pwani na visiwa vya Ghuba na Bahari ya Arabuni. Ndege hao huchimba mashimo mchangani na kutaga humo, jambo ambalo ndege wengine wa matopeni hawalifanyi. Mjomba aliwaheshimu kuliko wote, kwa kuwa walishuka na kaskazi kama walivyoshuka manahodha wa zamani.

Sasa, kumtambua ndege wa kimo cha kiganja aliye ng'ambo ya matope kunataka kitu kimoja kabla ya vyote, nacho ni utulivu wa picha. Mkono wa binadamu hautulii. Moyo unapiga, kifua kinapanda na kushuka, misuli ya bega inachoka. Kwa macho matupu huuoni mtikisiko, lakini darubini ya 8 inaukuza mtikisiko huo mara nane pamoja na ndege mwenyewe, na ile ya 12 mara kumi na mbili. Unamwona ndege mkubwa, ila anacheza mbele yako, na ule mpindo wa mdomo unaoutafuta unapotea ndani ya mtikisiko.

Mjomba alikuwa na dawa zake. Alichomeka pondo kwenye matope kando ya mashua, akalikumbatia kwa mkono wa kushoto, na juu ya ngumi hiyo akalaza darubini. Pasipo na pondo, aliketi chini kabisa kwenye mbao za mashua na kuegemeza viwiko kwenye magoti. Nchi kavu alitafuta shina la mkoko na kulipa mgongo.

"Mpwa wangu, toa pumzi kwanza, halafu tazama," aliniambia. "Na usimfukuze ndege. Mngoje aingie mwenyewe."

Nilijifunza hivyo, na hadi leo nawafundisha vijana hivyohivyo kabla sijawapa kifaa chochote.

Waongozaji wa rika langu, tulipoanza kupata fedha kidogo za utalii, tuliona wenzetu kadhaa wakienda Mombasa na kurudi na darubini za 20x50. Namba kubwa kwenye kasha ilikuwa na mvuto wake. Ukiishika mkononi bila kuegemea, namba hiyo haikusaidii hata kidogo: uwanja wa kuona ni mwembamba, kumpata ndege ni kazi, na ukishampata humsomi. Nawaambia wanaoanza, kwa moyo wangu wote, kwamba darubini ya 7 au 8 iliyotulia hukuonyesha manyoya mengi kuliko ya 20 inayotetemeka.

Zikaja pia darubini ndefu za jicho moja, zile za kufungwa kwenye miguu mitatu. Watafiti na wageni walizileta, na kwenye ardhi ngumu hazina mpinzani. Mida si ardhi ngumu. Miguu mitatu huzama matopeni, na ndani ya mashua haina maana yoyote. Hata kile kivuko cha mbao kinachoning'inia kupita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege huyumba mtu mwingine anapokanyaga, na picha yote huyumba nacho. Tulikuwa tukiombana jamani simameni, kila mtu anasimama, mmoja anatazama, halafu tunasogea.

Nilipoonyeshwa darubini ya aina nyingine, miaka ya 1990 ilikuwa ukingoni. Hiyo huituliza picha yenyewe. Kampuni ya Zeiss ilikuwa imetoa 20x60 S mwaka 1990, ambayo hutulia kwa mfumo wa springi bila betri, lakini ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu na bei ambayo mwongozaji hawezi hata kuizungumzia. Mwaka 1995 Canon wakatoa 12x36 IS, inayotumia umeme wa betri ndogo mbili za kawaida, zile ambazo duka lolote la Watamu linazo. Hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mgeni mmoja mama wa makamo tuliyempakia asubuhi hiyo. Alinivisha ukanda shingoni, akakiongoza kidole changu hadi kwenye kitufe kilicho juu.

Kabla ya kubonyeza niliona nilichokuwa nimezoea kuona: kundi la wala-kaa, jeupe, likicheza. Nikabonyeza. Picha ikatulia. Mashua ilikuwa bado inapanda na kushuka taratibu, lakini ule mtetemo mdogo wa mikono ulikuwa umeondolewa kabisa, na mbele yangu alisimama ndege mmoja mwenye doa jeusi nyuma ya jicho, kaa mdomoni, akimpigapiga matopeni hadi miguu ikakatika. Nililiona jicho lenyewe. Nilikuwa nimewatazama ndege hao tangu utoto, na sikuwa nimewahi kuliona jicho lao likigeuka. Kisha nikaona kitu kwenye mguu wa jirani yake: pete za rangi. Nikazisoma kwa sauti, rangi na mguu, na mjomba akazirudia ili asizisahau hadi tutakapofika mahali pa kuandika.

Wasiojishughulisha na ndege huenda wasielewe uzito wa pete hizo. Ndege aliyefungwa pete ni ndege mwenye historia: alikamatwa mahali fulani, siku fulani, na kila anayemsoma baadaye anaongeza mstari katika habari za safari yake. Pete isiyosomeka ni habari iliyopotea. Kwa Jenoptem tulikuwa tukiziona kama giza tu kwenye mguu, na tukizinyamazia.

Baadaye nilitafuta kujua inavyofanya kazi. Ndani yake mna vihisio vinavyopima mtikisiko wa juu na chini na wa kando. Vinaipasha habari kompyuta ndogo, nayo inaiamuru prizimu ijipinde kinyume cha mtikisiko. Prizimu hiyo si kioo kigumu: ni vioo viwili bapa vyenye mafuta maangavu katikati, vimezungushiwa mvukuto unaokunjika, kwa hiyo kioo kimoja kinaweza kuinama na kubadilisha njia ya mwanga. Mkono ukienda huku, mwanga unarudishwa kule. Miundo ya baadaye, kama ile yenye lenzi ya mbele ya milimita 32 iliyotoka mwaka 2017, husogeza lenzi badala ya kupinda prizimu. Betri zikiisha hukosi yote, maana inabaki darubini ya kawaida.

Ilinichukua miaka kupata yangu, 12x36 iliyokwisha tumika, na uamuzi huo niliufikiria sana. Kulikuwa na 10x30, nyepesi, gramu mia sita hivi, rahisi kushika kutwa. Kulikuwa na 10x42, iliyotoka mwaka 2005, isiyoingiza maji, yenye picha safi ajabu, lakini inayopita kilo moja shingoni. Hapa hesabu moja inafaa kujulikana na kila mnunuzi. Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaofika jichoni. 12x36 inakupa milimita 3, na 10x30 vilevile. 10x42 inakupa 4.2. Darubini ya kawaida ya 8x42 inakupa zaidi ya 5. Jua la Mida saa nne asubuhi, juu ya maji na matope yanayong'aa, halina upungufu wa mwanga, na mboni ya jicho yenyewe imejifinya. Milimita 3 zinatosha na kubaki.

Ingia msitu wa Arabuko-Sokoke, ng'ambo tu ya barabara, na hesabu inageuka. Pale tunamtafuta bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika hata sentimita ishirini, ambaye mchana hulala ndani ya vichaka kwenye udongo mwekundu. Mwanga ni hafifu, ndege yuko karibu, majani yako kila upande. Unataka uwanja mpana na mwanga mwingi, na mkono haukusumbui sana kwa ukuzaji wa 8. Msituni, darubini ya kawaida ya 8x42 bado ndiyo ninayoichukua. Kitufe sikihitaji kule, na anayeuza darubini ya kutuliza picha kana kwamba inafaa kila mahali hamtendei haki mnunuzi wake.

Baharini hakuna mjadala. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita mbele ya Watamu, wametoka maji ya baridi ya kusini kuja kuzaa. Huo ni msimu wa kusi, bahari imechafuka, na mwenye darubini ya kawaida ndani ya boti huishia kuona rangi ya buluu ikiruka. Ile ya kutuliza haiwezi kuufuta mwinuko mzima wa wimbi, kwa hiyo magoti lazima yalegee na kiuno kifuate boti. Mwili ukishachukua wimbi, kitufe kinachukua mtetemo uliobaki, na ukungu wa pumzi ya nyangumi unaonekana umesimama hewani. Ndani ya gari la mbugani Tsavo ni hivyohivyo: injini inanguruma, mwenzako anahama kiti, na bado unaweza kumsoma simba aliye kivulini mbali.

Lililonigusa kuliko yote ni mjomba. Uzee ulimjia kupitia mikono. Kwanza kikombe cha kahawa kilianza kumwagika, kisha akaacha kushona nyavu, na siku moja akaitundika ile Jenoptem ukutani na hakuishusha tena. Hakulalamika. Alikuja nasi kwenye mashua akawataja ndege kwa sauti zao, nasi tukathibitisha kwa macho. Nilipomletea 12x36 alijaribu, akanirudishia: mtetemeko wa mikono yake ulikuwa mkubwa kuliko ule ambao vihisio vimeundwa kuutuliza. Tulikaa na jambo hilo kwa muda. Kisha mwenyewe akasema, "Nipe pondo."

Tukalichomeka. Akalikumbatia kama zamani, akalaza darubini juu ya ngumi, nami nikambonyezea kitufe, maana kidole chake hakikutii. Pondo lilipunguza mtetemeko mkubwa, kitufe kikaumaliza mdogo. Alitazama muda mrefu bila kusema. Halafu akaanza kuhesabu vitwitwi, aina kwa aina, wale wenye mdomo mnene upande huu na wale wenye mwembamba upande ule, akazipata tofauti ambazo mimi nilikuwa nimeziruka. Msimu ule wote alitoka nasi, na wa baada yake pia.

Vifaa vinaendelea kubadilika. Zipo zinazojizima zenyewe ukiziachia zining'inie shingoni, na hilo ni jema kwa betri. Mwaka 2024 Swarovski wa Austria walitoa AX Visio, darubini inayokutajia jina la ndege unayemtazama. Nimeulizwa na vijana kama nitaitamani. Mimi nataka darubini initulizie picha, na jina nilitafute mwenyewe, kwa sababu kwenye kulitafuta ndiko nilikomjua ndege. Chumvi nayo haijabadilika: 12x36 haikutengenezwa kuzuia maji, kwa hiyo kila jioni naipangusa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, natoa betri, naiacha wazi kivulini hadi ikauke.

Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa nchini Kenya, na wengi wanaohesabu ni wa kujitolea. Kwa kazi hiyo vijana wetu wa Mida wanachangishana kununua darubini ya pili ya kutuliza picha, na hawajaafikiana. Mmoja anataka 10 kwa kuwa itamfaa na msituni. Mwenzake anataka 14 kwa ajili ya pete. Mimi nimesema 12, na nimewaambia wasiamue dukani. Waazime zote tatu, wapande mashua maji yakianza kujaa, wakati ndege wanasogezwa karibu na upepo umeanza kupanda, na kila mmoja asome pete ileile. Watakayoisomea pete wote ndiyo tutakayoinunua.