Kilo tatu za kwenda Idjwi



Mara nyingi mnanikuta bandarini hapa Bukavu nikingojea boti ya Idjwi, kafuko kadogo kakiwa kifuani, na mnaniuliza: «Mama, apareyi yako kubwa uliiuza?» Hapana. Iko nyumbani kabatini, imefungwa ndani ya kikwembe cha zamani. Inafanya bado kazi ya ndoa na ubatizo hapa mjini, pale gari linafika mpaka mlangoni. Lakini Idjwi haiendi tena. Nina miaka 64. Nawaandikia sababu, kwa kuwa kati yenu kuna wenye umri wangu wanaopenda kazi ya foto, na kuna wanaoifundisha kwa binti zao.

Tuanze na mzani. Jirani yangu anauza maharagi, na siku moja wateja walipopungua nilimwomba anipimie mali yangu yote. Apareyi kubwa na lenzi yake ya kawaida, kilo moja na nusu. Lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, kilo moja na nusu tena. Flashi na betri zake, nusu kilo. Stendi ya miguu mitatu, kilo mbili. Ukiweka chaja, nyaya, koti la mvua, chupa ya maji na mfuko wenyewe, ambao hata ukiwa mtupu ni mzito, tulifika kilo tisa. Jirani alicheka sana. Kwake kilo tisa ni mteja mmoja wa asubuhi. Lakini maharagi yake yanakaa juu ya meza. Zangu zinaning'inia kwenye bega moja tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni, na goti langu la kushoto linajua hesabu kupita mzani.

Mtu atasema: lipa mama mbebaji. Hapa Bukavu tunawajua wote, wale wamama wenye kamba kwenye paji la uso, wanaopandisha kutoka ziwani magunia ya makaa na ya mihogo yanayopita kilo 50, kwa franka kidogo tu. Sisemi ni vibaya kuwapa kazi. Ukilipa bei ya haki, mpe, ana watoto wa kulisha. Lakini mimi naona tofauti kati ya gunia ambalo watu watakula na stendi ambayo haitatoka mfukoni mpaka tunarudi. Kama kitu ni kwa ajili ya woga wangu tu, «labda nitakihitaji», siwezi kukiweka kwenye mgongo wa mama mwingine. Wenzangu wa kazi hawakubaliani nami juu ya hili, na tunabishana kila mara.

Ziwa letu la Kivu ni jema kwa wasafiri kwa mambo mengi. Liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, hewa ni baridi kidogo, hakuna mamba wala kiboko. Lakini upepo ukija, boti inacheza, na kushuka ndiko kuna taabu: ubao mwembamba, mawe yenye utelezi, watu wanasukumana na kuku na magodoro yao. Hapo mtu mzima anahitaji mikono yake miwili. Ukianguka huku umeshika apareyi ya bei, utaokoa apareyi na kuvunja kiuno. Baada ya hapo ni pikipiki, na mzigo wa mgongoni unakuvuta nyuma kila mlima, kisha ni njia ya mguu kati ya migomba, kahawa na mananasi. Kuanzia Septemba hadi Mei ni matope. Tena mfuko mkubwa unaitisha maswali bandarini: fungua, hiki ni nini, unapigia nani foto? (Foto za bandari na za askari msipige kabisa, hata kwa simu, mtajitafutia shida.) Kafuko kadogo kanapita.

Sasa nabeba apareyi moja ndogo, na lenzi moja tu inayoona karibu kama jicho linavyoona, isiyovuta mbali. Betri tatu, maana katika vijiji vingi vya kisiwa umeme ni wa jua, na mawingu yakikaa siku mbili huwezi kuomba wenyeji wakuwekee chaji kabla ya taa yao. Kadi mbili za kuhifadhi foto, kitambaa laini, mfuko wa plastiki wa kujikinga na mvua. Simu ndiyo apareyi ya akiba. Hayo yote hayafiki kilo moja na nusu. Kinachobaki ni maji, sweta, dawa zangu za tansio, na bahasha moja ambayo nitaieleza chini.

Kuna vitu ninavyokosa, siwezi kuwaficha. Usiku wavuvi wa sambaza wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka juu ya maji, wanaimba wakipiga kasia. Kwa lenzi yangu ndogo, kutoka ukingoni, ni nukta za mwanga tu. Kijana mwenye lenzi ndefu na stendi angeleta foto ya kuweka kwenye kalenda. Mimi nakaa kwenye jiwe, nawasikiliza, halafu naenda kulala.

Ninachopata ni upande mwingine. Lenzi isiyovuta inakulazimisha kumkaribia mtu, mita moja na nusu hivi, na kwa umbali huo huwezi kuiba foto. Lazima umsalimu, ukae, umsaidie kuchambua maharagi. Na kwa kuwa hakuna mifuko ya kulinda, nakaa kweli. Katika kundi moja la wamama wa kahawa, kusini mwa kisiwa, mmoja aliniambia bila hasira: «Wageni walikuja na mashini kubwa, walitupiga foto nyingi. Hatujaona hata moja.» Tangu siku ile uzito nilioutoa mfukoni ndio nafasi ya bahasha. Foto 80 za karatasi, za ukubwa wa kiganja, hazifiki nusu kilo.

Mmoja wa wale wamama ni mjane. Mnajua historia ya kahawa ya Idjwi: kwa miaka mingi wanaume waliivusha usiku kwa mitumbwi kwenda kuiuza Rwanda, na wengi ziwa liliwachukua. Mume wake ni mmoja wao. Hana foto yake hata moja, na mtoto wa mwisho hajui uso wa baba yake. Aliniomba foto yake mwenyewe, amesimama, kikwembe chake kizuri, macho wazi. «Ya kilio changu,» alisema, «watoto wasitafute.» Tulingoja jua lishuke nyuma ya migomba, karibu saa nzima, tukiongea juu ya bei ya sabuni. Nilipiga mara sita. Hapo lenzi ndefu ingenifanyia nini?

Msifikiri umri unatufunga. Julia Margaret Cameron, mama wa Uingereza, alipata apareyi yake ya kwanza mwaka 1863, akiwa na miaka 48, na siku hizo walitumia sahani za vioo, kazi nzito na chafu, basi watu walikwenda kwake, si yeye kwao. Imogen Cunningham wa Marekani alikuwa na miaka 92 alipoanza kupiga foto za wazee wenzake.

Kwa yule anayetaka kujaribu, nashauri hivi: siku moja kabla ya safari, funga mfuko wako jinsi unavyotaka kuubeba, kisha panda nao kutoka ziwani mpaka soko la Kadutu, bila kuuweka chini. Ukifika juu, salimia mtu. Kama unakosa pumzi ya kumuuliza habari za watoto, toa kitu. Kile ambacho hukukigusa safari mbili zilizopita ndicho cha kwanza kutoka. Na siku ya mkutano mkubwa wa MUSO, watu 200 mbele yako, usiende peke yako. Nenda na binti mwenye mabega mapya, yeye abebe lenzi ndefu na kuitumia, na malipo mgawane.

Narudi Idjwi mwanzo wa kiangazi, Juni, matope yakikauka. Bahasha ina foto 34 mpaka sasa. Ya yule mjane nimeitoa mara mbili: moja ya ukutani, na moja aiweke sandukuni pamoja na kikwembe kile.