Kijiji Kisichojua Kulia

Mama mmoja katika darasa letu la baada ya Alasiri aliniletea kitabu cha bintiye, akitaka nimwambie kama kinafaa kusomwa katika nyumba ya Kiislamu. Kinaitwa The Giver. Kimetungwa na Lois Lowry wa Marekani, kikatoka mwaka 1993, na mwaka uliofuata kikapata nishani ya Newbery, ambayo huko kwao ni heshima kubwa kwa vitabu vya watoto. Nilimjibu kwamba kinafaa, ila binti asiachwe akakisoma peke yake. Sababu zangu naziandika hapa, kwani wenye kuuliza swali hilo ni wengi.

Hadithi ni ya kijiji kisichokuwa na njaa, wala vita, wala ugomvi. Mume na mke huchaguliwa na kamati. Watoto huzaliwa na wanawake waliowekwa kwa kazi hiyo, kisha hugawiwa: wa kiume mmoja na wa kike mmoja kwa kila nyumba. Hata rangi hawazioni. Kijana akianza kuhisi mvuto wa baleghe hupewa kidonge, akakimeza kila siku mpaka uzeeni. Na kila jioni familia huketi, kila mmoja akaeleza alivyohisi siku ile, wenziwe wakamtuliza, jambo likaisha. Hapo naona mwandishi alikuwa hodari kwelikweli. Watu wale huzisema hisia zao kila siku, na hisia zenyewe hawana.

Jonas, kijana wa miaka 12, anateuliwa kuzipokea kumbukumbu za wanadamu wa zamani kutoka kwa mzee mmoja anayezihifadhi kwa niaba ya wote. Anaonjeshwa theluji, jua, vita, na nyumba ya sikukuu iliyojaa jamaa na mababu. Anaporudi kwao anawauliza wazazi wake kama wanampenda. Wanamcheka, kisha wanamkanya kwamba hilo ni neno lisilo na maana barabara. Heri angeuliza kama wanamfurahia, au kama wanajivunia mafanikio yake. Baadaye anamwona baba yake huyo huyo, mlezi wa vichanga, akimchoma sindano mtoto pacha kwa kuwa ni mwepesi kuliko mwenziwe. Mtoto anakufa, naye baba anamuaga kwa sauti ya uchangamfu. Kwa lugha ya kijiji, mtoto yule "ameachiliwa". Baba huyo si katili. Hajui uzito wa alitendalo, kwa kuwa moyo wa kuujulia hakupewa.

Nilikiweka kitabu chini kwa muda, nikawaza matanga yetu. Mara ngapi nimesimama makaburini nikasikia mtoto wa miaka tisa akiambiwa, "Usilie, wewe sasa ndiwe mwanamume wa nyumba"? Naye mjane aliyemo edani, machozi yakimtoka mwezi wa pili, jirani humwambia ashukuru asije akakufuru. Wasemao hivyo ni watu wema, na huyasema kwa jina la subira. Lakini subira tuliyofundishwa siyo hiyo. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi. Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, alijibiwa kwamba hiyo ni rehema. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kurarua nguo, na kutamka lisilomridhisha Mola. Nabii Yaakub (A.S.) naye aliazimia subira njema, na katika sura hiyo hiyo ya Yusuf tunasoma kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Hayo mawili yalikaa katika moyo mmoja.

Wala si huzuni peke yake. Al-Aqraa bin Habis alimwona Mtume akimbusu mjukuuwe Hasan, akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Akaambiwa kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Wako akina baba miongoni mwetu ambao wakiulizwa na wana wao swali la Jonas, watajibu kwa kutaja karo waliyolipa.

Kitabu kina kasoro, nayo ni kubwa. Katika kijiji kile hatajwi Mwenyezi Mungu, wala wanaokikimbia hawamtafuti. Mzee yule amebeba maumivu ya watu wote, na hana wa kumshitakia. Yaakub aliyashitaki majonzi yake kwa Mola wake. Mzazi amwonyeshe mwanawe tofauti hiyo, kwani mwandishi hataionyesha.

Tena vitabu vya aina hii visichukuliwe kuwa kitu kimoja. Kipo Delirium cha Lauren Oliver, cha mwaka 2011, ambamo mapenzi yamefanywa kuwa maradhi, na kila mtu hupasuliwa atibiwe afikapo miaka 18. Humo uhuru wa msichana unapimwa kwa mvulana atakayetoroka naye. Mvuto wa baleghe kwetu una mlango wake, nao ni ndoa, na sioni faida ya kumpa binti wa miaka 13 kitabu hicho.

The Giver kisomwe pamoja na mama au baba, hasa sura ya pacha, na msomaji akilia aachwe alie. Wavulana nao wapewe. Nionavyo, vitabu hivi vinazunguka zaidi mikononi mwa wasichana, na wanaokatazwa kulia makaburini ni ndugu zao.