Mwanao Akirudia LSAT, Hajafeli

Tanzania, mtu akisema anarudia mtihani, masikio yanasikia kwamba amefeli. Matokeo ya Baraza la Mitihani yako hadharani, na mwenye namba yako huyafungua kwenye simu. Ukikaa tena kama mtahiniwa wa kujitegemea, hata namba inabadilika: S ya shule inakuwa P, na wanaojua wanaelewa. Tena kidato cha sita hufanya mtihani mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kurisiti ni kubaki nyumbani wakati wenzako wameshaingia Mlimani.

Vijana wetu hapa Marekani wanaibeba aibu hiyo hadi kwenye LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria, nayo inawagharimu fedha nyingi. Kijana akipata 154 anatuma maombi hivyo hivyo, mradi hajafeli. LSAT haina kufeli. Alama zinaanzia 120 hadi 180, hakuna divisheni wala mstari wa kufaulu. Linalotazamwa ni alama yako imekaa wapi mbele ya walioingia chuo unachokitaka. Kila chuo cha sheria chenye ithibati ya ABA, chama cha mawakili cha Marekani, hulazimika kutangaza kila mwaka alama ya katikati ya wanafunzi wake wapya. Zitafute takwimu hizo kabla ya kuomba ushauri kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Tangu 2006 ABA huchukua alama ya juu kabisa ya mwanafunzi, si wastani wa mara zote alizofanya. Chuo kitaziona alama zako za miaka mitano, lakini inayoingia kwenye takwimu zake, na inayokipandisha kwenye orodha za ubora, ni ile ya juu. Ndiyo sababu vyuo havimhesabii vibaya anayerudia, na ndiyo sababu hutoa ufadhili kwa wenye alama zinazozidi ile ya katikati. Vyuo vingi vya binafsi hutoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Alama tano au sita za ziada zinaweza kumwondolea mtu deni la miaka mingi. (Ukipewa ufadhili, uliza kama una masharti ya alama za darasani, baadhi hufutwa mwaka wa pili.)

Kwa aliyesoma shahada ya kwanza nyumbani, uzito wa LSAT unazidi. GPA ya Dar es Salaam au Dodoma haigeuzwi kuwa namba ya Kimarekani wala haiingizwi kwenye takwimu za chuo. Namba yako pekee inayohesabika pale ni LSAT. Mwenye LLB tayari anayetaka LLM hahitaji mtihani huu kabisa.

Kwetu tumezoea kuingia kwanza, kisha kupambana ndani. Chujio linakaa mwisho: mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka iliposikika kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo, inayowaandaa mawakili, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Marekani nako kuna mtihani wa uwakili baada ya shahada, lakini bei ya masomo yako inapangwa mlangoni, kabla hujafungua kitabu cha kwanza. "Nitajitahidi nikishaingia" ni kauli inayoeleweka nyumbani. Huku inaweza kukufunga deni ambalo juhudi za darasani hazitalifuta.

Hata hivyo sikubaliani na wanaorudia kwa mazoea. Waandaaji wenyewe hueleza kwamba alama halisi ya mtu inaweza kuwa takriban tatu juu au chini ya aliyopata, kwa hiyo kurudia ili upande kwa alama moja ni kubahatisha. Nafasi nazo zina kikomo: mara tano ndani ya miaka mitano, mara saba maishani. Kipimo ninachokiamini ni mitihani ya majaribio, iliyofanywa kwa saa, dakika 35 kila sehemu. Kama wastani wake unazidi alama yako rasmi, rudia. Kama unalingana nayo, na hujabadilisha namna ya kujisomea, tuma maombi.

Tarehe nazo zina nguvu. Maombi hufunguliwa karibu Septemba na vyuo vingi huanza kugawa nafasi na fedha kadiri maombi yanavyoingia. Ikiwa mtihani unaofuata ni wa Januari na alama yako iko mbali na lengo, afadhali ungoje msimu ujao ukiwa kazini.

Hapo ndipo simu za nyumbani zinapoanza: mbona mwaka unapotea? Wazazi wangu, haupotei. Mtoto akiwaambia anarudia LSAT, msimuulize alifeli nini. Muulizeni majaribio yanampa ngapi, na chuo anachokitaka kinachukua wenye alama ngapi.