Kusi, ubao wa Mjerumani na simu ya mama

Najua nimepotea. Si mnajua tena, mitihani ilinikaba koo wiki tatu nzima. Jana nimemaliza pepa la mwisho, supu ipo au haipo Mungu ndiye anayejua. Leo naongelea kitu kingine kabisa: safari.

Kuna mwanafunzi wa Kijerumani alisoma hapa semista moja. Alipoondoka aliniachia ubao wake wa kupandia mawimbi, futi saba, umepasuka kwenye pua. Nikaupeleka kwa fundi wa boti za faiba, akauziba. Tangu siku hiyo uko nyuma ya mlango wa chumba chetu, na rumeti wangu, jamaa wa Makete, ameugeuza pa kuanikia taulo.

Watu wanaona huo ni mchezo wa Wazungu wa kwenye luninga. Mimi nimekulia Pangani. Utotoni tulichukua kipande cha ubao wa ngalawa mbovu, tunalalia tumbo, wimbi linatutupa mchangani, tunarudi tena hadi macho yanakuwa mekundu. Hatukuwa na jina la mchezo huo. Tatizo la kwetu mawimbi ni madogo, maana Pemba imekaa mbele kama ukuta. Bagamoyo nao wamezibwa na Unguja. Na sehemu kubwa ya pwani hii mwamba wa matumbawe unalivunja wimbi huko mbali, likifika ufuoni limeshachoka.

Sasa nasoma jiografia, basi ramani ndiyo starehe yangu. Nikaiona Malindi. Kaskazini kidogo ya mji Mto Sabaki unamwaga tope baharini, na matumbawe hayapendi maji ya tope. Kwa hiyo pale ghubani mwamba umekatika, na wimbi la kusi linaingia lenyewe hadi mchangani. Kusi inashika nguvu kuanzia Juni hadi Agosti. Si mawimbi ya kutisha kama ya Teahupo'o kule Tahiti, walikoshindania Olimpiki ya 2024. Haya ni mawimbi ya upepo, yamevurugika, maji rangi ya chai ya maziwa. Lakini hupangi foleni kugombania wimbi na watu hamsini. Kwa mtu anayejifunza, unataka nini zaidi?

Tukakaa na Makete tukapanga. Basi hadi Tanga, mpaka wa Horohoro, tuingie Lunga Lunga, kivuko cha Likoni, tulale Mombasa, asubuhi matatu ya Malindi. Pasipoti hatuna, tutaomba hati ya dharura. Ubao tutauviringisha kwenye blanketi, na tumeshajiandaa kubishana na konda kuhusu nauli ya mzigo. Bumu tumelibana mpaka limelia: wiki mbili wali maharage, chipsi tunazisikia harufu tu. Tarehe tukaandika: wiki ya kwanza ya Julai.

Likabaki moja. Kumwambia mama.

Nikapiga simu Jumapili. Shikamoo, marahaba, habari za mitihani, habari za kuku. Halafu nikaitoa. Mama hakufoka kama nilivyotegemea. Akauliza tu, "Mwezi wa saba? Na kusi hii?" Nikamwambia mama, mimi najua kuogelea, nimezaliwa majini. Akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Mjomba wako naye alijua kuogelea, mwanangu."

Mjomba alitoka alfajiri moja ya kusi, peke yake, mimi nikiwa darasa la tatu. Ngalawa ilirudishwa na maji. Yeye hakurudi. Nyumbani hatulizungumzi jambo hilo, na kusema kweli mimi nilikuwa nimeliweka mbali kabisa wakati napanga nauli na chipsi.

Mama akauliza tena, "Huyo mwenzako anajua maji?" Hapo nikashikwa. Makete kakulia kwenye baridi, maji ya kina kwake ni ndoo ya kuogea. Ningekuwa naingia na mtu, lakini kusema ukweli ningekuwa peke yangu. Mkondo ukinivuta, yeye angesimama ufuoni na taulo langu.

Sikuahirisha kwa sababu mama kakataza, maana hakukataza. Nimeahirisha kwa sababu alichouliza kilikuwa sahihi. Sasa tunakwenda mwishoni mwa Agosti, tukishamaliza mafunzo ya vitendo, na kusi itakuwa bado ipo. Mpaka wakati huo Makete anajifunza. Kila Jumamosi maji yakijaa tunavuka Kigamboni. Namfundisha kuelea kwanza, kisha lile somo kubwa: mkondo ukikuvuta usipigane nao, ogelea sambamba na ufuo mpaka ukuachie, ndipo urudi. Analirudia kama desa la mtihani.

Jumamosi iliyopita alielea chali mpaka nikahesabu 20. Aliposimama, maji yamemfika kifuani, akapiga kelele wavuvi wote wakageuka. Jioni nikamtumia mama ujumbe kumweleza. Akajibu, "Hesabu mpaka 100."

Basi ndiyo kazi tuliyonayo, wadau. Tuombeeni.