Lipu ya chumba cha watoto

Tunaoishi Njombe tunajua kuwa Juni na Julai si miezi ya mchezo. Kuna alfajiri unakuta umande umeganda juu ya majani. Nyumba yetu aliijenga baba mkwe kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, kama nyumba nyingi za zamani huku. Baadaye ikapigwa lipu ya saruji ndani na nje ili ionekane ya kisasa.

Chumba cha watoto kiko upande usiopata jua. Lipu yake ilivimba kuanzia sakafuni hadi kimo cha kitanda, ikatoa unga mweupe wa chumvi, na nyuma ya kabati kukaota ukungu mweusi. Kitinda mimba wetu alikuwa anakohoa usiku kucha. Baba watoto alitaka tupake rangi ya mafuta tu. Mama mkwe akashauri tuwawekee jiko la mkaa kabla ya kulala, kama walivyolelewa wao. Hapo nilikataa, kwa heshima, lakini nilikataa. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, hewa inapita. Chumba cha sasa kina vioo na dari, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu ya kumwamsha mtoto.

Fundi tuliyempata ni mzee asiyependa maneno mengi. Aligonga ukuta kwa kidole, paliposikika patupu akaweka alama. "Ukuta huu unakunywa maji chini, saruji inayafungia ndani. Mama, blanketi lililolowa linakupa joto?"

Kazi kubwa haikuwa lipu. Ilikuwa nje, kuondoa udongo uliorundikana ukutani kupita usawa wa sakafu na kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Kisha akabandua lipu yote, akakwangua udongo uliolegea kati ya matofali, akatuambia tusubiri ukuta ukauke. Wiki tatu za Septemba watoto walilala sebuleni. Fedha ya makochi mapya ilikuwa imeshaenda, na nyumbani hatukuwa tunaongea vizuri.

Mchanganyiko wake ulikuwa saruji ndoo moja, chokaa mbili, mchanga tisa. Lipu hiyo ni laini kuliko ya saruji tupu, na inaruhusu unyevu kutoka. Aliipiga mara mbili, tukaimwagia maji kidogo kidogo kwa wiki nzima. Watoto hatukuwaruhusu kusogea, maana chokaa inaunguza macho. Juu yake tukapaka chokaa, si rangi ya mafuta. Dari tuliziba nyufa zote, kwa sababu joto hukimbilia kwenye bati.

Julai iliyofuata baridi ilikuwepo, masweta yalivaliwa. Kikohozi hakikuisha chote, na kliniki tulikwenda, ila usiku analala. Kitanda tumekiacha mbali na ukuta kiasi cha kiganja, hewa ipite. Mama mkwe naye ameshamwita yule mzee aje agonge chumba chake.