Bomba Lililozikwa

Mwenye nyumba hupenda kusifiwa kwa mlango wake, kwa mabati yake na kwa maua yake. Sijasikia bado mtu anayesifiwa kwa bomba la maji machafu. Walakini ndilo linalobeba aibu ya nyumba nzima, na likipasuka, aibu hiyo humshukia jirani.

Nyumba tunamokaa hapa Bukavu ilijengwa wakati mji ulipokuwa ukiitwa bado Costermansville. Wajenzi wake walizika mabomba ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vilivyounganishwa kwa saruji. Udongo ule ni mgumu ajabu; udhaifu wake uko katika maungo. Mlima ukisogea kidogo, na milima yetu husogea, saruji hupasuka. Ndipo mizizi ya mti hufuata unyevu na kuingia, myembamba kama uzi. Mle ndani hunenepa.

Kiangazi cha mwaka jana fundi mmoja alichimba, akapaka saruji juu ya ufa, akapokea fedha yake, akaenda zake. Mvua za mwezi wa nne zilipozidi, mzee akaaye chini yetu aliniita kwa adabu: “Mwalimu, ukuta wangu unatoka jasho.” Ukuta huo wa mawe ndio unaozuia kiwanja chetu kisimwangukie. Hatua ishirini chini yake iko chemchemi wanakochota mama wa mtaa. Nikayeyusha buluu ya kufulia katika ndoo mbili, nikaimwaga chooni. Kabla ya saa ya chakula buluu ilikuwa ikichuruzika kati ya mawe ya mzee.

Hapo nilikumbuka habari ninayowafundisha wanafunzi wangu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya mia tano katika mitaa ya karibu na Broad Street, mjini London. Mganga John Snow aliulizia nyumba za wafu moja moja, akaona kwamba wengi walikunywa maji ya pampu moja. Mpini wa pampu ukaondolewa. Baadaye walipochimba walikuta shimo la uchafu lenye matofali yaliyooza, chini ya mita moja kutoka kisima kile. Wenye nyumba ile hawakujua. Sisi tulikuwa tumekwisha kujua.

Siku ileile tuliwaambia akina mama wachemshe maji, tukafunga choo chetu, tukaazima cha jirani wa juu. Fedha iliyokuwamo nyumbani ilikuwa ya mabati ya mama yangu kijijini. Mke wangu aliniambia: “Itumie. Lakini wewe ndiwe utakayemwambia mama.” Nilimwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama chemchemi ile ina watoto wengi.

Siku ya posho alikuja fundi mwingine, mtu wa maneno machache. Tulitoa mita sita za bomba la kale, na ndani yake fungu la mizizi lililo nene kama paja la mtoto. Watoto wakalia, wakidhani mti wa avoka utakatwa. Fundi akawaonyesha bomba jipya la plastiki, lenye upana wa milimita 110: maungo yake yakigundishwa vema, mzizi haupati mlango. Mti umebaki.

Jambo lililonishangaza ni mteremko. Ningedhani kwamba bomba likiinama sana ni afadhali. Sivyo: maji hukimbia mbele na kuuacha uchafu nyuma. Fundi alivuta uzi, akaweka pima maji, akataka sentimita mbili kwa kila mita, si zaidi. Kwa hiyo kumi na mbili kwa mita zote sita. Chini alitandaza mchanga usio na jiwe. Plastiki ilipokutana na udongo wa kale hakutumia saruji, bali mkono wa mpira uliokazwa kwa pete za chuma, kwa sababu mpira huvumilia ardhi inayosogea.

Kisha akaziba upande wa chini, akajaza maji, akatia alama kwa msumari, akatuambia twende tukale. Tuliporudi, maji yalikuwa palepale. Mzee mwenyewe alishuka shimoni akatazame alama ile kwa macho yake, na ndiye aliyeturuhusu kufukia.

Zimebaki mita tisa za udongo chini ya njia ya jikoni. Hizo tumezipangia mwezi wa saba, mara baada ya mabati ya mama.